Mafuta Hayo Yana Kazi Gani Chunguni?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi asubuhi kwa kina mama, kina baba wachache na vijana wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Tanga. Waliokosa kufika wameniomba niiandike, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa pale mbele, shikamooni. Wanangu mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo. Leo hakuna anayedaiwa marejesho.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, njoo utuambie mafuta gani ndiyo mazuri, tununue hayo, kesi iishe." Nikamjibu nitakuja, ila swali hilo sitalijibu, maana limekaa upande. Nenda kwa seremala umuulize kipi kizuri, msumeno au randa. Atakutazama tu. Akikuhurumia atakuuliza, "Kwani unataka kufanya nini?"

Na mimi ndivyo ninavyowauliza. Ukishika chupa, ukishika kopo la samli, ukishika kifuu cha nazi: mafuta hayo yana kazi gani chunguni? Nitalirudia swali hili asubuhi nzima mpaka mlichoke. Maana anayejua kazi ya mafuta anaweza kuyabadilisha apendavyo. Asiyejua, siku chupa ikikosekana, jiko lake limelala.

Chupa kukosekana si hadithi. Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka 1983. Wanangu, nyinyi mmesimuliwa tu: maduka ya kaya, foleni tangu alfajiri, kipande cha sabuni kugawanywa kwa uzi. Serikali ilikuwa kwenye vita na wahujumu uchumi, na mafuta ya kupikia yalikuwa yakitajwa kwa sauti ya chini kama jina la marehemu. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kazi, mwalimu wa sayansi kimu, na kitabu changu cha mapishi kila ukurasa unaanza vilevile: "Pasha mafuta." Mafuta yapi?

Likizo ile nikaenda Pangani kwa bibi yangu, nimebeba malalamiko tele.

"Bibi, mafuta hamna."

"Hamna wapi, mjukuu wangu?"

"Dukani."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mafuta yameanza lini kutoka dukani?"

Akanipa mbuzi nikakune. Nazi mbili. Akakamua kwa kifumbu, tui la kwanza, lile zito, halijaguswa na maji. Akalitia kwenye sufuria tupu, akainjika. Nami nikakaa nikitazama, kijana msomi, nikisubiri kuona miujiza.

Mwanzo tui lilichemka jeupe kama maziwa. Kisha likawa zito kama uji wa mgonjwa, likirusha matone. Bibi hakukoroga sana, alikuwa anakwangua chini tu lisishike. Baada ya hapo sauti ikabadilika. Hili lishikeni, kwa sababu jicho linadanganya, sikio halidanganyi. Maji yakiwa bado yamo, sufuria inanguruma. Maji yakiisha, inaanza kulia kwa sauti nyembamba, chirichiri, na pembeni unaona duara la kitu cheupe kama kioo. Hayo ndiyo mafuta. Katikati yamebaki masimbi ya rangi ya hudhurungi, matamu, ambayo watoto hugombea. Bibi akamwaga vitunguu humohumo, vikakaangika vizuri kuliko vya kwenye kitabu changu.

Mchana akapika mchuzi wa samaki. Tui lilelile, sufuria ileile. Mara hii akawa mkali: nisifunike, niteke kwa upawa na kumimina, niteke na kumimina, moto mdogo, ndimu nisithubutu kuikamua mpaka sufuria iepuliwe. Kwa nini? Tui lisikatike!

Mnaona lakini? Asubuhi alilikata tui makusudi. Mchana akalilinda lisikatike kama mtu anayelinda yai. Nikamuuliza mbona hivyo. Akasema, "Asubuhi nilitaka mafuta yanikaangie. Saa hizi nataka yaniungie."

Nimesoma vyuo viwili baada ya hapo, sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Mafuta ya kukaangia ni gari: yanachukua moto kutoka kwenye chuma yanaufikisha kwenye kitunguu. Mafuta ya kuungia ni mwili wa mchuzi. Ni kazi mbili tofauti, na ndiyo maana lugha yetu ina maneno mawili.

Sasa nijibuni kwa ukweli, msitazamane. Nani hapa akipika mchicha wa nazi anaanza kwa kumimina mafuta ya chupa, anakaanga vitunguu, kisha anatia tui, na mwisho anaongeza karanga zilizosagwa "ili uwe mzito"? Naona mikono. Naona na inayojificha. Hapo umetia mafuta mara tatu kwenye fungu mbili za mchicha. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ufuta vilevile, mbegu za maboga vilevile. Ukizisaga ukaunga nazo, hiyo chupa ilitoka kabatini kufanya nini? Chemsha kitunguu na nyanya katika maji kidogo mpaka vilainike, tia mboga, unga kwa karanga, epua. Hakuna kijiko hata kimoja cha mafuta na mtu atakusifia. Mwaka ule 1983 ndivyo tulivyoishi, na wala hatukudhani tunapungukiwa.

Mwaka 2022 mambo yakajirudia kwa sura nyingine. Vita ikaanza Ukraine mwezi wa Februari, na Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Mwishoni mwa Aprili, Indonesia ikafunga kuuza nje mafuta ya mawese kwa wiki kadhaa. Watu wakauliza, sisi na Indonesia wapi na wapi? Ndugu zangu, sehemu kubwa ya yale mafuta ya kupima tunayonunua kwa vichupa ni mawese yaliyosafishwa yakapotezwa rangi, na mengi yametoka huko na Malaysia. Bei ikapanda, na jirani yangu kijana akaja mlangoni na swali lilelile nililompelekea bibi. Nikampa mbuzi.

Haya. Hiyo ni sufuria. Tuje kwenye unga, ambako wengi ndiko wanakoumia.

Mpwa wangu alikuwa anatimiza miaka saba, na mama yake akaniomba keki. Siagi nilikuwa sina. Nikajiambia, mafuta ni mafuta. Kitabu kinasema siagi gramu 250, nikapima mafuta ya alizeti gramu 250, nikaanza kupiga na sukari kama kawaida. Nikapiga, nikapiga, mkono ukafa ganzi. Haikuwa nyeupe, haikuumuka, ilikaa tu pale kama mchanga uliolowa. Nikaendelea kwa ubishi. Keki ikatoka tanurini imebonyea katikati, ukiishika vidole vinang'aa. Mtoto akanitazama akasema, "Shangazi, hii ni keki au kashata?" Mwalimu wa sayansi kimu mimi!

Kosa langu lilikuwa wapi? Sikuuliza swali. Siagi kwenye keki ina kazi gani? Kwanza inashika hewa. Siagi ni kitu kigumu-laini. Ukiipiga na sukari, chembe za sukari zinachimba vishimo, hewa inaingia, inanaswa. Mafuta ya maji hayanasi kitu. Halafu kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui: siagi si mafuta matupu. Katika kila gramu 100 za siagi, mafuta ni kama gramu 80 tu, na karibu zote zilizobaki ni maji. Mafuta ya chupa ni mafuta mia kwa mia. Kwa hiyo nilipotia gramu 250 nilizidisha mafuta kwa gramu 50, na maji ya kulainisha unga nikayakosesha.

Dawa yake ni hii. Gramu 250 za siagi, weka gramu 200 za mafuta, kisha ongeza vijiko vitatu vya chakula vya maziwa au maji. Kwa wanaopima kwa kikombe, kikombe kimoja cha siagi ni robo tatu ya kikombe cha mafuta. Na kazi ya kushika hewa mpe mwingine: piga mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito, mafuta yaingie baadaye, taratibu, kama uzi. Keki ya mafuta ukiipika hivyo inakaa laini hata siku ya tatu, mimi naipenda kuliko ya siagi. Lakini ni keki nyingine. Usiidai iwe na ladha ya siagi, haikukuahidi.

Nankatai je, zile biskuti za iliki? Hapo mafuta ya maji yaacheni kabisa. Nankatai inataka samli, kwa sababu kazi ya samli pale ni kuuzuia unga usishikane, ndiyo maana inamung'unyika mdomoni. Na harufu ile ya iliki imebebwa na samli. Ukitia mafuta ya chupa inatambaa kwenye sinia mpaka zinashikana kama mkate wa sinia uliokosewa. Ukikosa samli tumia majarini ngumu au mafuta mgando. Tena majarini yenyewe ilizaliwa kwa kubadilisha: Napoleon wa Tatu wa Ufaransa alitaka kitu cha bei nafuu badala ya siagi, na mwaka 1869 mkemia Hippolyte Mège-Mouriès akaitengeneza kwa mafuta ya ng'ombe. Ya leo ni ya mimea.

Mtu ataniuliza, na mafuta ya nazi si yanaganda? Yanaganda, lakini chini ya nyuzi joto 24 hivi. Hapa Tanga mwezi wa pili yatagandia wapi? Nilimpelekea dada yangu Lushoto chupa ya mafuta ya nazi, akanipigia simu usiku: "Umeniuzia nta?" Chupa ileile kwangu ilikuwa maji matupu. Kwa hiyo anayeishi Lushoto anaweza kupika nankatai ya mafuta ya nazi, wa Chumbageni aweke kwanza kwenye friji.

Chapati mnazijua, sitawachosha. Neno moja tu. Tabaka za chapati zinatokana na mafuta kukaa kati ya unga na unga. Samli na mafuta mgando yanakaa palepale ulipoyapaka. Mafuta ya maji yananyonywa na unga, ukisukuma mara ya pili tabaka zimepotea. Huna mgando? Changanya vijiko viwili vya mafuta na kijiko kimoja cha unga, upate uji mzito, paka huo. Shemeji yangu wa Mombasa, ambaye nyumbani kwao hadi leo unga na maharage hupimwa kwa kopo la Kimbo, yale mafuta ya mgando ya Kenya, aliapa kwamba chapati zile nimetumia mgando. Sikumkatalia.

Sasa moto. Hapa nitakaa kidogo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaouza vitafunio ni hili: "Mwalimu, maandazi yangu yanakunywa mafuta." Wanadhani ni aina ya mafuta. Mama zangu, mara nyingi si aina, ni subira. Andazi lina maji ndani. Likiingia kwenye mafuta yenye moto wa kutosha, maji yanageuka mvuke yanatoka kwa nguvu, na ule mvuke unasukuma mafuta yasiingie. Mapovu yale mnayoyaona ni andazi linajitetea. Mafuta yakiwa baridi, hakuna mvuke, hakuna wa kujitetea, andazi linalala chini linakunywa. Na ukitupa kumi kwa pamoja kwa sababu foleni ni ndefu, umeyapoza mafuta mwenyewe.

Kipimajoto hatuna. Moto tunaoutaka ni nyuzi 170 mpaka 190, na kipimo chake ni donge la unga ukubwa wa punje ya mahindi. Litupe. Likizama likatulia, ngoja. Likipanda baada ya sekunde chache limezungukwa na mapovu, anza. Likiwa jeusi papo hapo, punguza moto.

Na aina? Aina nayo ina neno lake, tena hapa mtashangaa. Siagi usikaangie, ule umaziwa uliomo unaungua kabla andazi halijaiva. Samli inavumilia moto mkubwa kwa sababu umaziwa umeshatolewa. Alizeti ya mashine ndogo ya kule Singida, isiyosafishwa sana, ina harufu nzuri na mimi naipenda kwenye maharage, lakini ukiikaangia inatoa povu mpaka inafurika karai. Hiyo ya kuungia. Na kwa mtu anayekaanga kutwa, chipsi au mihogo, mawese yaliyosafishwa yanastahimili kurudiwa kuliko alizeti. Alizeti ikipigwa moto mara nyingi inaharibika upesi. Kwa hiyo yule anayejisifu kwenye bango kwamba anakaangia alizeti tu, muulize: ameibadilisha lini?

Maana mafuta nayo huchoka. Mafuta yaliyochoka yanajisema yenyewe: yanakuwa meusi, yanavutika kama asali, yanatoa moshi mapema, povu lake ni dogo dogo na halipotei, na moshi wake unawasha macho. Yakifika hapo usiongeze mapya juu yake ukadhani umeyafufua, umeyaua na mapya. Kila jioni yachuje kwa kitambaa, toa makombo, funika, weka mbali na mwanga. Makombo yanayobaki chini ndiyo yanayoanza kuungua kesho.

Nina jambo la huzuni kidogo la kusimulia. Nilikuwa nyumbani, upande wa pili wa ukuta, nikasikia mtu anapiga yowe. Kijana wa jirani aliacha karai kwenye gesi akaenda kujibu simu. Mafuta yakatoa moshi, kisha yakashika moto. Akakimbilia alichokijua: ndoo ya maji. Mmeshaona maji yakikutana na mafuta yanayowaka? Maji yanazama chini, yanageuka mvuke mara moja, yanarusha mafuta yote juu yakiwa yanawaka. Mkono wake wa kulia uliungua mpaka kwenye kiwiko. Mungu mkubwa, alipona, na anaandika kwa mkono uleule. Wanangu, nisikilizeni. Funga gesi. Funika karai kwa mfuniko au sinia la bati. Usimwage maji. Usilibebe kulipeleka nje. Usifunue kutazama kama umezimika, acha lipoe. Semeni nami: hatumwagi nini? Tena. Hatumwagi nini?

Ahsanteni.

Naenda Kigoma sasa, twendeni wote, nauli juu yangu.

Nilihamishiwa huko mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku ya kwanza sokoni nikakuta mafuta mekundu kama kutu, mazito, yana harufu yake. Mawese. Mimi mtu wa pwani, nimezoea mafuta ya rangi ya maji. Nikanunua chupa, nikayaweka jikoni yachemke mpaka yatoe moshi, maana nilikuwa nimesikia kwamba ukiyaunguza sana wekundu unatoka. Kweli ukatoka. Nikawa najipongeza. Mama mwenye nyumba akaingia kwa ajili ya moshi, akachungulia sufuriani.

"Mwalimu, yamekukosea nini?"

"Nayasafisha, mama. Yalikuwa mekundu."

Akanyamaza. Kisha akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi, "Wekundu ndio tunaoununua."

Nami ndiye niliyekuwa nikifundisha darasani kwamba watoto wasiopata vitamini A macho yao hushindwa kuona jioni! Ule wekundu ni karotini, ileile ya karoti, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Nilikuwa nimelipia dawa ya macho nikaichoma. Jioni ile mama akanionyesha: maharage yameiva, yanachemka taratibu, akatia vijiko viwili vya mawese mabichi, kitunguu, chumvi, akafunika. Basi. Rangi ikabaki, harufu ikabaki. Na sombe, ndivyo wanavyokiita kisamvu wao na jirani zao wa Kongo na Burundi, ukikipika bila mawese, watu wa Ujiji watakula kwa adabu lakini hawatarudi.

Ndipo nikajua kuna kazi nyingine ya mafuta ambayo bibi hakuitaja kwa sababu kwake ilikuwa dhahiri mno. Kuna mahali mafuta ndiyo ladha. Si gari, si mwili, ndiyo chakula chenyewe. Samli juu ya wali wa moto. Mafuta yaliyotoka kwenye vitunguu vya biriani, yale unayonyunyizia wali mwishoni. Mawese kwenye mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Hapo usibadilishe. Ukikosa, pika kitu kingine, na ukiunga sombe kwa tui, ni nzuri sana, lakini iite kisamvu cha nazi, usimdanganye mgeni.

Nisipogusa afya mtasema mwalimu amekwepa. Nitapita haraka.

Kwanza, ile karatasi ya chupa iliyoandikwa kwa herufi kubwa "haina kolesteroli". Kolesteroli ya chakula inatoka kwa wanyama. Mafuta ya mmea hayakuwa nayo tangu shambani. Ni sawa na muuza maji aandike "maji yetu hayana mifupa". Msilipie maandishi.

Pili, mafuta ya mimea yaliyogandishwa nusunusu kwa hidrojeni viwandani, yale yanayoleta mafuta hatari kwa moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote ziyaondoe kwenye chakula kufikia 2023. Soma karatasi, ukiona hidrojeni imetajwa, rudisha rafuni.

Tatu, na hili mtu wa Tanga naumia kulisema. Shirika hilohilo linashauri mafuta yenye tabia ya kuganda yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula chetu. Kwa mtu wa kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni kama gramu 22. Mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni ya namna hiyo. Vijiko viwili vya chakula, umemaliza fungu lako la siku, bado hujagusa samli wala nyama. Siwaambii mwache nazi. Mimi mwenyewe siiachi, nitazikwa na kifumbu changu. Nasema ukiunga kwa tui leo, chupa ipumzike, na aliyeambiwa na daktari wake kuhusu moyo au presha amsikilize daktari wake, si mimi.

Lakini niwaambie kilichonibadilisha mimi mwenyewe, na hakikuwa maneno ya daktari. Kilikuwa kipande cha plasta. Nilibandika plasta kwenye dumu la lita 5 nikaandika tarehe niliyolifungua. Likaisha siku ya 19. Kwangu tuko watano. Nikachukua kalamu: lita 5 kwa siku 19 kwa watu 5, ni kama vijiko vitatu na nusu vya chakula kwa kila mtu, kila siku. Na kila kijiko kina kalori kama 120. Sikuamini. Nani ameyanywa? Kumbe hakuna aliyeyanywa. Ni mimi, ninapoinamisha dumu juu ya sufuria huku naongea na simu.

Sikubadilisha aina. Niliweka kijiko kando ya jiko, basi. Dumu lililofuata liliisha siku ya 31. Mume wangu hakugundua lolote, na mume wangu hugundua chumvi ikipungua punje tatu.

Hapohapo, kwa wanaonunua kwa kupima: lita na kilo si kitu kimoja. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi. Mtu akikupimia chupa ya lita akakwambia "kilo hii", amebaki na zako 80. Mchekee, lakini mwambie.

Naona mwenyekiti anatazama saa, na naona kina mama wa nyuma wanatazama kile kikapu changu pale ukutani tangu niingie. Ndiyo, ni nazi. Nimeleta nne, nimeleta mbuzi, nimeleta sufuria ya bibi yangu, ileile, ina kishimo pembeni lakini haivuji. Jiko la mkaa linawaka huko uani. Tutakamua tui la kwanza tulikate, vijana wasikie kwa masikio yao sauti ikibadilika, halafu tukaangie vitunguu. Tui la pili tutaunga mbaazi, na hilo nataka lisikatike.

Wewe mwanangu wa shati la bluu, uliyecheka niliposema kifumbu. Njoo ukae kwenye mbuzi. Unaanza wewe.